Mwanangu amepewa 78: je, kipimo cha akili kinapima akili kweli?

SWALI: Shikamoo daktari. Mimi ni mama, naishi Nkuhungu hapa Dodoma. Mwanangu wa kiume ana miaka tisa. Alilelewa na bibi yake Mvumi tangu ana miaka miwili, mwaka huu ndiyo nimemleta mjini. Nilimpeleka shule moja ya Kiingereza, wakamfanyisha kipimo cha akili kwa kama dakika arobaini, kwa Kiingereza. Wakaniambia amepata 78, uwezo wake ni mdogo, hawawezi kumpokea, nimtafutie shule ya watoto wenye mahitaji maalumu. Lakini mtoto huyu kule kwa bibi alikuwa anachunga mbuzi zaidi ya thelathini. Anawajua mmoja mmoja, na jioni wakiingia zizini anakuambia nani hajarudi kabla hujaanza kuhesabu. Je, vipimo hivi vinapima akili kweli? Nimrudishe kwa bibi yake? Na yeye aliisikia ile namba, kila siku ananiuliza kama sabini na nane ni ndogo. — Mama wa Nkuhungu

JIBU: Marahaba, mama. Barua yako nimeisoma mara tatu, na nianze na lile ambalo najua limekunyima usingizi. Kwa haya uliyoniandikia, hakuna mwenye haki ya kukuambia kwamba mwanao ana akili ndogo. Mtoto wa Mvumi aliyekulia kwenye Kigogo cha bibi na Kiswahili cha shuleni, ameulizwa kwa Kiingereza, na mtu ambaye ndiyo kwanza anamwona, wakati hata mji hajauzoea. Kilichopimwa siku ile ni mambo mengi, na Kiingereza kilikuwa mojawapo.

Ila sitakudanganya kwamba vipimo hivi ni uongo mtupu. Nimevitumia miaka mingi katika kazi yangu, na nimeona vikiwasaidia watoto walioitwa wavivu kumbe wana tatizo ambalo hakuna aliyeligundua. Kwa hiyo swali lako linahitaji jibu refu kidogo, univumilie.

Kipimo cha kwanza cha aina hii kilitokea Paris mwaka 1905. Serikali ya Ufaransa ilikuwa imeunda tume ya kushughulikia watoto wanaobaki nyuma shuleni, na mwanasaikolojia Alfred Binet pamoja na daktari kijana, Théodore Simon, wakatunga maswali ya kuwatambua watoto hao ili wasaidiwe. Hilo ndilo lilikuwa kusudi: kumtafuta anayehitaji msaada. Binet mwenyewe aliwapinga waziwazi waliosema akili ya mtu ni kiasi kilichokwisha kupangwa kisichoweza kuongezeka, na alitengeneza mazoezi ya kuwainua watoto hao. Alifariki mwaka 1911. Mwaka uliofuata Mjerumani William Stern akapendekeza kugawanya umri wa akili, yaani umri wa watoto ambao majibu ya mpimwaji yanalingana nao, kwa umri wa kuzaliwa, na mwaka 1916 Lewis Terman wa Marekani akazidisha jibu kwa 100, na hapo ndipo namba ya IQ tunayoijua, yaani alama ya akili kama ile 78, ilipoenea. Kipimo kilichotungwa kufungua mlango kikageuzwa kufuli. Wageni walipimwa wakishuka melini New York, na mwaka 1927 Mahakama Kuu ya Marekani iliruhusu jimbo la Virginia limfunge uzazi msichana Carrie Buck kwa madai kwamba ana akili pungufu. Ninapoona shule inachukua namba moja na kumfungia mtoto mlango, huwa nakumbuka historia hiyo, na inaniuma.

Sasa, je, kuna kitu cha kweli kinachopimwa? Kipo. Mwaka 1904 Mwingereza Charles Spearman aliona kwamba mtoto anayefanya vizuri katika kazi moja ya kichwa huelekea kufanya vizuri na katika nyingine, hata zisizofanana. Jambo hilo limerudiwa kupimwa mara nyingi mno na linasimama. Tarehe 1 Juni 1932 karibu watoto wote wa Scotland waliozaliwa mwaka 1921 walipewa mtihani mmoja wa akili, zaidi ya watoto 87,000. Miaka zaidi ya sitini baadaye mtafiti Ian Deary na wenzake waliwatafuta baadhi yao, sasa wazee wa miaka 77, wakawapa mtihani uleule. Kwa sehemu kubwa waliokuwa juu utotoni walikuwa bado juu, na waliokuwa chini bado chini. Kitu cha kubahatisha hakiwezi kudumu hivyo. Na alama hizi zinakwenda sambamba na alama za darasani, ingawa zinaeleza kama robo tu ya tofauti kati ya mwanafunzi na mwanafunzi. Robo tatu zinazobaki ni bidii, afya, mwalimu, lugha, utulivu wa nyumbani, na mengine tele.

Lakini angalia vizuri ni watoto gani walipimwa kule Scotland. Walikuwa wa umri mmoja, nchi moja, shule zinazofanana, na mtihani umetungwa kwa lugha wanayoijua. Hapo ukiona tofauti, una sababu ya kusema zinatokana na vichwa vyao. Ukimchukua mtoto wa Mvumi ukamweka kwenye mstari huohuo, tofauti utakayoiona imebeba mzigo mwingine kabisa.

Namba yenyewe ina maana gani? Katika vipimo vya siku hizi, ambavyo vingi vinafuata njia ya mwanasaikolojia wa Marekani David Wechsler, mtunzi huwapima kwanza watoto wengi wa nchi yake, kisha wastani wao hupewa jina la 100. Watu 68 katika kila 100 huangukia kati ya 85 na 115. Kwa hesabu hiyo 78 inamaanisha kwamba katika watoto 100 wa umri wa mwanao, kama saba hivi wangepata chini yake. Watoto wa wapi? Wa nchi kilikotungwa kipimo, kwa kawaida Marekani au Uingereza. Hiyo namba haisemi lolote kuhusu nafasi yake kati ya watoto wa Chamwino, wilaya ya hukohuko Mvumi. Tena hata kipimo kizuri kilichofanywa vizuri hakitoi namba kavu. Mpimaji mwaminifu angekuandikia kwamba alama yake ya kweli huenda iko mahali fulani kati ya 72 na 84, kwa sababu mtoto yuleyule akipimwa wiki nyingine hupanda au kushuka. Wewe ulitajiwa 78 kana kwamba amepandishwa kwenye mizani ya kliniki.

Nikupe mfano mdogo wa jinsi lugha inavyoingia. Karibu vipimo vyote vina sehemu ambapo mtoto anasomewa tarakimu, naye anazirudia kwa mpangilio: nne, saba, mbili, tisa, tano. Inaonekana haina lugha ndani yake. Sasa zitamke tarakimu zetu kutoka moja mpaka tisa. Kila moja ina silabi mbili, hata ile "nne" (n-ne). Za Kiingereza karibu zote zina silabi moja. Kinachoshikwa kichwani kwa sekunde zile chache kinategemea pia muda wa kukitamka, kwa hiyo tarakimu ndefu hujaza kapu haraka. Watafiti wa Wales waliliona jambo hili mwaka 1980: watu walewale wanaojua lugha zote mbili walikumbuka tarakimu chache zaidi kwa Kiwelshi, ambacho tarakimu zake huchukua muda mrefu kutamka, kuliko kwa Kiingereza. Mtu yule yule, kichwa kile kile, alama mbili. Na mwanao alipewa kazi ngumu zaidi: asikie kwa Kiingereza, ageuze kwa Kiswahili, akumbuke, kisha arudishe kwa Kiingereza.

Na hapo hatujagusa maswali ya maneno. Miaka ya nyuma nilimpima msichana wa darasa la pili katika kijiji kimoja cha Bahi. Tulikaa kwenye ofisi ya mwalimu mkuu, yeye upande mmoja wa meza, miguu haifiki chini, mimi upande wa pili na karatasi zangu. Nikamuuliza kwa Kiswahili: mbuzi na kuku wanafanana nini? Akatazama dirishani, akafikiri kwa utulivu kabisa, akasema: "Wote ni wa bibi. Mbuzi akiuzwa tunanunua sare. Kuku akiuzwa tunanunua chumvi na sabuni." Mwongozo wangu ulisema anayejibu "ni wanyama" apewe alama kamili, anayetaja miguu au macho apewe nusu, majibu mengine yote sifuri. Nikaandika sifuri. Baadaye, tukiwa tumemaliza, nikamuuliza mbuzi ni nini. Akanishangaa, akasema "mnyama", kwa sauti ya mtu anayejibu swali lisilostahili kuulizwa. Alikuwa anajua tangu mwanzo. Alidhani mtu mzima aliyetoka mjini hawezi kuuliza jambo dogo namna ile, akanipa jibu kubwa zaidi. Ile sifuri bado naikumbuka.

Kumbe haikuwa mara ya kwanza. Watafiti wa Marekani waliokwenda kwa Wakpelle wa Liberia waliwapa watu wazima vitu mbalimbali wavipange kwa makundi. Walitarajia vyakula peke yake na zana peke yake. Wakpelle waliweka kisu na chungwa, jembe na kiazi, kwa sababu ndivyo vinavyotumika pamoja, na walisema mtu mwenye busara ndivyo angepanga. Mtafiti alipoishiwa mbinu akauliza: na mjinga je, angepangaje? Wakapanga vyakula huku, zana kule, sawasawa na vile kipimo kilivyotaka.

Hapa nataka tulitazame neno lenyewe. Sisi tunaposema "mtoto huyu ana akili" tunamaanisha nini? Umemtuma dukani akarudi na chenji kamili. Ameona wingu zito kaanua nguo bila kuambiwa. Mgeni amefika, ameamkia na kutoa kigoda. Na mtu mzima akifanya upuuzi tunasema hana akili, ingawa tunajua ana digrii. Neno letu limebeba welekevu na uwajibikaji kwa pamoja. Robert Serpell, aliyefanya kazi miaka mingi Zambia, alilikuta hilohilo kwa Wachewa na neno lao nzelu. Aliwauliza wazee wa kijiji: kama una jambo zito la kumtuma mtoto, kati ya hawa utamtuma nani, na kwa nini? Wazee walikuwa na majibu thabiti, na majibu hayo hayakufuata alama za mtihani. Kwa hiyo ukiniuliza kama kipimo kinapima akili, inabidi nikuulize ni akili ipi. Kinapima kipande kimoja: kasi na wepesi wa kutatua mafumbo ya aina ambayo shule inayapenda. Kile ambacho bibi wa Mvumi anakiita akili hakimo kwenye karatasi ile.

Serpell huyohuyo alifanya jaribio ambalo nalipenda kuliko yote, lililochapishwa mwaka 1979. Aliwapa watoto wa Zambia na watoto wa Manchester, Uingereza, kazi ya kunakili maumbo. Kwa kalamu na karatasi Waingereza waliongoza. Kwa waya Wazambia waliongoza, maana ni watoto wanaokua wakitengeneza magari ya waya. Kwa udongo wa mfinyanzi walikuwa sawa. Mtu aliyeleta karatasi peke yake angerudi kwao akiandika kwamba watoto wa Zambia hawana akili ya maumbo. Na sisi tuliokua tukiunda magari ya mabua ya mtama tunaelewa kilichotokea pale.

Utafiti unaokuhusu wewe zaidi ulifanyika hapa kwetu, Bagamoyo, na ukachapishwa mwaka 2002. Robert Sternberg, Elena Grigorenko na wenzao waliwapima watoto wa shule za msingi za vijijini. Kisha, badala ya kufunga faili, wakawafundisha kwa muda usiofika saa moja namna ya kushughulika na maswali ya aina ile, halafu wakawapima tena. Alama zilipanda. Lakini kilichonigusa ni kwamba mpangilio ulivurugika: kwa watoto waliofundishwa, alama za kwanza zilitabiri kwa udhaifu tu nani atakuwa juu mara ya pili. Baadhi ya waliokuwa mkiani walikuwa wanajua kufikiri, ila hawakuwa wanajua huo mchezo unachezwaje. Saa moja, mama! Sidhani kama mwanao alipewa hata dakika tano za kuonyeshwa mfano.

Kuna wanaoamini kwamba akili ni ya damu tu, umezaliwa nayo basi. Urithi una sehemu yake, hilo silipingi. Ila huko Embu, Kenya, watafiti waliwapima watoto wa vijijini mwaka 1984, wakarudi mwaka 1998 kupima watoto wengine wa umri uleule. Katika miaka 14 tu alama zilikuwa zimepanda sana, na damu ya watu haibadiliki kwa miaka 14. Kilichobadilika ni wazazi kujua kusoma, lishe, na familia kuwa na watoto wachache zaidi. Kwetu Tanzania, mpango wa vidonge vya madini joto ulioanza miaka ya 1980 katika wilaya zenye tezi la shingo ulichunguzwa, na utafiti mmoja ulidai kwamba watoto ambao mama zao walikingwa wakati wa ujauzito walifika mbele zaidi kimasomo kuliko ndugu zao ambao hawakupata kinga hiyo. Na uchambuzi mkubwa wa mwaka 2018, wenye watu zaidi ya 600,000, ulikuta kwamba kila mwaka wa ziada shuleni huongeza alama ya IQ kati ya pointi moja na tano. Fikiria hilo: shule inampima mtoto kwa kitu ambacho shule yenyewe ndiyo inayokijenga, kisha inamnyima nafasi kwa sababu hakijajengwa.

Tuje kwa mbuzi. Kumtambua mbuzi mmoja asiyekuwepo kati ya thelathini wanaosukumana mlangoni jioni, bila kuhesabu, ni kazi nzito ya kumbukumbu na ya jicho. Sisemi kwamba inatosha kumfanya afaulu hesabu za darasa la tano. Hesabu za darasa la tano atahitaji kufundishwa, na ukweli huo usiukimbie. Lakini inafuta kabisa lile neno la mahitaji maalumu. Ulemavu wa akili hautamkwi kwa alama peke yake. Lazima alama iwe chini sana, karibu 70 au pungufu, na pia mtoto awe anashindwa mambo ya kila siku ya umri wake: kujihudumia, kuwasiliana, kukabidhiwa kazi. Mwanao hajafika kwenye alama hiyo, na bibi alikuwa anamkabidhi mali ya nyumba nzima tangu asubuhi mpaka jioni. Aliyekuambia vile alivuka mipaka ya kazi yake.

Nini ufanye? Rudi pale shuleni kwa upole, uombe waandike jina la kipimo, mwaka kilipotungwa, jina na taaluma ya aliyempima, na alama za kila sehemu peke yake. Wakishindwa kukupa, basi umejua thamani ya ile 78. Vile vipimo vya kwenye simu vinavyodai hela ya cheti, hata usipoteze bando.

Halafu, kabla ya kipimo kingine chochote, mpeleke akapimwe macho na masikio. Huku kwetu vikope vimesumbua watu miaka mingi, na mtoto aliyewahi kuvuja usaha masikioni anaweza kuwa anasikia nusu ya anachoambiwa bila mtu kujua. Idara ya macho ya hospitali ya Mvumi ina sifa nzuri, na bibi yuko palepale. Mtoto asiyeona ubao vizuri anaonekana mzito, akipata miwani anakuwa mtoto mwingine.

Ukitaka apimwe tena, subiri. Mpe miezi sita au zaidi, azoee mji, azoee na wewe, kwa sababu miaka saba amelala kwa bibi na sasa analala kwa mama ambaye bado anamzoea. Apimwe kwa Kiswahili, na mtu aliyesomea kazi hiyo, atakayeongea na wewe, na mwalimu wake na bibi kabla ya kuandika chochote. Wataalamu wapo Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili hapa Dodoma, na usiogope jina hilo kwa sababu ya utani wa mitaani. Chuo Kikuu cha Dodoma nacho kina walimu wa saikolojia wanaoweza kukuelekeza.

Kumrudisha kwa bibi kwa sababu ya namba hii, hapana. Akienda sasa ataelewa kwamba amefukuzwa mjini kwa kuwa mjinga. Likizo aende, na aende kwa furaha, akawaone mbuzi wake. Kwa sasa ningemwandikisha shule ya msingi ya serikali hapo karibu nanyi, aendelee kwa Kiswahili, lugha anayoweza kufikiri nayo shuleni, na Kiingereza akipate taratibu kama somo. Najua majirani wana maneno kuhusu shule za Kiingereza. Waache. Jioni mkae pamoja nusu saa, akusomee kwa sauti, wewe ukiwa unakatakata mboga.

Na kuhusu hilo analokuuliza kila siku, usimjibu "si ndogo" halafu ukageuka, maana atajua unamficha. Kaa naye chini. Mwambie: "Siku ile walikuuliza maswali kwa Kiingereza, lugha ambayo hujafundishwa bado. Uliyojibu ndiyo wameyahesabu. Ambayo hukujibu tutajifunza." Kisha muulize yeye jinsi anavyomjua mbuzi aliyepotea. Mwache akueleze mpaka mwisho, pembe kwa pembe, na umsikilize kama mtu anayejifunza, kwa sababu mimi na wewe hatuwezi kazi hiyo. Atakayokueleza yaandike, uniletee pamoja na ile karatasi ya shule. Ningependa sana kuyasoma.